Maombi ya Kumwachisha Mama Sigara

Mama yangu hajawahi kushika sigara ila kuipokonya mkononi mwa baba. Kwa hiyo daktari alipomwambia ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaobana njia za hewa mwaka baada ya mwaka, na kwamba huwapata sana wavutaji, alitoka kliniki amenuna. Maelezo yaliyofuata, kwamba moshi wa makaa nao huleta balaa hilohilo, hakuyasikia. Amepika chapati za kuuza kwa jiko la makaa tangu sijaanza shule. Moshi ule umetusomesha, sasa nani atausema vibaya?

Alipewa pampu ya dawa: toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha ibane pumzi kidogo. Shida ilikuwa hilo neno kuvuta. Mama ndiye mwimbishaji wa akina mama kanisani, na kwake kuimbisha ni uhai. Mwimbishaji ataonekanaje akivuta kitu? Akawa anajifungia kwenye choo cha pamoja cha ploti yetu ya kupanga pale Komarock, anavuta dawa, anakohoa, anatoka akipangusa mdomo.

Jirani akanisimamisha kwenye korido. "Niaje, kwani mathe siku hizi anachoma fegi kwa choo?"

Nilitamani kumzaba kofi. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua mama anavuta sigara, isipokuwa mama mwenyewe.

Akina mama wakaja kutuombea nyumbani. Mama alidhani wanakiombea kifua, akafurahi. Mvua ilikuwa inanyesha, akawasha jiko ndani achemshe chai, na wageni wakafunga madirisha yote kwa sababu baridi, kama ujuavyo, ndiyo inayoua Nairobi.

Mwenyekiti wao, ambaye huchoma mahindi kwa makaa kwenye kituo cha basi, akasimama. "Bwana asifiwe, dada. Tumekuja kwa upendo. Hiyo sigara tunaing'oa leo. Ila mpaka uwe huru, nyimbo ataanzisha mwingine."

Mama akafungua mdomo ajitetee, pumzi ikakataa. Midomo ikabadilika rangi. Niliogopa, sitaficha. Nikampelekea pampu, akaitazama, akawatazama wenzake, na kwa muda nikaona kabisa kwamba mama yangu yuko tayari kufa kuliko kuaibika. Kisha akaishika, akavuta mbele ya wote.

"Shindwa!" mmoja akaikemea pampu.

Nikafungua madirisha, nikatoa jiko nje, nikimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba hiyo ni dawa, na sigara ya mama yangu ndiyo hii nimebeba. Pumzi ikamrudia mama polepole.

Mwenyekiti alitaka kujibu, akashikwa na kikohozi. Kirefu, kizito, cha makohozi. Nakijua kikohozi hicho, nimekisikia nyumbani miaka mingi. Mama akamngoja amalize, akampa leso, akamuuliza kwa heshima zote:

"Pole, dada. Na wewe huvutia choo gani?"