Niling'olewa jino zima, kumbe ni kiungo cha taya kinalika nikiwa na miaka 22

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi wala sipunguzi. Mwenye kijana anayelalamika taya asome mpaka chini.

Sasa nina miaka 24, kwetu Old Moshi. Napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wetu wa kanisa tangu darasa la sita. Mwalimu wa bendi ni baba yangu mzazi, kwa hiyo elewa presha niliyokuwa nayo.

Mwaka juzi taya la kulia lilianza kutoa mlio wa 'ko!' kila nikipiga mwayo. Sikujali.

Baadaye yakaja maumivu mbele ya sikio. Nikatumia dawa ya matone ya sikio, hola. Nikaenda kliniki moja, wakasema ni jino la mwisho, wakaling'oa. Nililiangalia kwenye kisahani: zima kabisa, halina hata doa.

Wiki mbili mbele maumivu yakarudi vilevile. Jino halikurudi.

Kwenye mazoezi ya Pasaka taya likakwama. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu. Nikashusha tarumbeta katikati ya wimbo, Baba akasimamisha bendi nzima.

"Umechoka?"

"Taya limekwama, Baba."

"Jana kwenye mahindi ya kuchoma halikukwama."

Wenzangu wakacheka. Nikafunga tarumbeta kwenye mfuko wake, nikatoka.

Nyumbani mimi na Baba tukakaa karibu wiki mbili bila kuongea zaidi ya shikamoo na marahaba. Hiyo iliniuma kuliko taya.

Mama ndiye aliyenisukuma niende kwa daktari wa meno mjini. Dada huyu hakugusa hata koleo. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, akasema fungua, funga. Akapima mdomo kwa rula.

"Ukilala unasaga meno?"

"Sijui dokta, nalala peke yangu."

Akacheka, akanipa kioo nione meno yangu yalivyosagika.

X-ray ikaonyesha kichwa cha mfupa wa taya, upande wa kulia, kimeanza kulika. Nikauliza, si ugonjwa wa wazee huo? Akasema hata vijana unawapata, na kwamba nimefika mapema.

Tiba ni splint. Alichukua umbo la meno yangu kwa kitu laini kama uji mzito, kikaganda mdomoni. Wiki iliyofuata akanipa plastiki ngumu inayokaa juu ya meno. Inazuia meno kusagana na inapunguza mzigo kwenye kiungo. Kila nikilala, lazima niivae. Kila baada ya wiki kadhaa narudi, anaichonga kidogo. Tarumbeta marufuku kwanza, vyakula vigumu marufuku.

Nikaishi kwa mtori. Kwa wasiojua, ni supu nzito ya ndizi zilizopondwa, huku kwetu wanapewa sana wanawake waliojifungua. Binamu zangu walinipigia simu kuuliza jina la mtoto.

Appointment ya pili Baba akasema atanisindikiza. Dokta akamwamkia, akamwekea picha za pande zote mbili. Mzee akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Umelika kwa sababu ya kupiga?"

"Siwezi kusema hivyo, mzee wangu. Ila kupiga huku anaumwa hakukumsaidia."

Nje kwenye benchi akaniambia, "Nilidhani unatafuta njia ya kuikimbia bendi. Nisamehe, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa mtu yeyote. Nikajibu tu, "Yameisha, Baba."

Mwezi wa tatu wa kuvaa splint maumivu yalipungua kweli. Mwezi wa nane vidole vitatu vikawa vinaingia mdomoni. Mfupa uliolika haukurudi, tuwe wakweli, ila picha ya karibuni inaonyesha kulika kumesimama. Taya bado linalia mara mojamoja, haliumi.

Nimerudi kupiga. Nusu saa, napumzika. Anayeshika saa ni Baba, na ni mkali kuliko dokta.

Nilichojifunza: kama unaumwa mbele ya sikio na taya linalia au linakwama, usikubali kung'olewa jino kabla kiungo hakijakaguliwa. Splint ipimwe kwa mdomo wako, usiagize mtandaoni. Na wazazi, kijana akisema anaumwa, muulizeni swali la pili.

Aliyepitia haya, au anayevaa splint sasa, atuambie amefikia wapi. Nitajibu ninachokijua, mengine tuwaachie madaktari. Jumapili hii tunapiga kwenye ibada ya kwanza, nikitoka nasoma comments zote.