Machipukizi Niliyokataa Kuyakata

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini Izigo, mjukuu wangu, mama yangu alipoingia kibanjani mwangu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, na panga mkononi, bila hata kupiga hodi. Nilikuwa kijana mwenye mke na watoto wanne, na uchungu nisiojua pa kuupeleka. Baba alikufa wakati wa vita. Baadaye ule ugonjwa, ambao mwanzoni, kabla hatujajua ni UKIMWI, tuliuita Juliana, ukawachukua kaka zangu wote wawili na wake zao. Tuliwazika humo humo kibanjani, karibu na migomba, kama desturi yetu ilivyo, na watoto wao watatu wakahamia kwangu.

Baada ya matanga nikashindwa kukata chochote kilicho hai. Unacheka? Cheka tu. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba shina la mgomba huachiwa migomba mitatu tu, mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine hukatwa. Mimi niliyaacha yote. Niliona tumeshapoteza vya kutosha. Na ndani ya nyumba nikawa namwambia mke wangu, Koku, kwamba lazima tuzae tena na tena mpaka ukoo ujae kama zamani. Muuguzi alishatuonya kwamba uzazi wa mwisho nusura umuue. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Koku alinyamaza, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Basi mama akasimama penye shina lililosongamana, akainua mkungu mmoja mwembamba.

"Hizi ndizi utamlisha nani?"

"Mae, si unaona migomba ilivyo mingi?"

"Migomba naiona, ndizi sizioni. Samadi ni ya ng'ombe mmoja. Nyasi za kutandaza nazo, kule nyikani rweya tulikozoea kuzifyeka, watu wamezimaliza."

Akainama, akaanza kukata. Nikamshika mkono, nikamuuliza kwa ukali kama hata watoto ataniambia niwakate.

Mama akaliweka panga chini. Sijamsahau uso wake.

"Mtoto hakatwi, mwana wange. Ndiyo maana hufikiriwa kabla hajaja. Wale tuliowazika niliwazaa mimi. Unadhani Koku anaweza kunizalia hao tena?" Akajifuta macho kwa kanga. "Na yeye mwenyewe, umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikaenda jikoni, nikamkuta anamenya ndizi. Nikamuuliza anataka nini. Hakuinua hata uso.

"Nataka nisife kabla hawa saba hawajakua."

Nilikaa chini nikalia, na sioni haya kukwambia. Kesho yake tulikwenda pamoja zahanati. Padri wetu alikuwa na njia yake ya kupanga uzazi, muuguzi na yake. Tulisikiliza wote, tukachagua sisi wawili. Niliporudi nikalichukua panga la mama nikapunguza machipukizi, na msimu uliofuata mikungu ikaanza kunenepa.

Sasa wewe unaoa. Kibanja unakijua: kimegawanywa hadi milamula, ile miti ya mipaka, inakaribia kugusana, na hakuna rweya nyingine inayotungoja popote. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Usizae kwa ajili ya kuziba pengo la waliozikwa, wala kwa ajili ya midomo ya ukoo. Ukoo utakuja kwenye sherehe, ule, uondoke. Muulize mkeo, na akinyamaza, muulize tena. Pale mnapolima, rudishieni ardhi samadi na nyasi, maana nayo huchoka kama mama. Baba yako, mmoja wa wale watatu waliokuja kwangu, alikulia kwenye ndizi za shina lile.

Na huyo bibi yako unayemsikia jikoni akilalamika kwamba nakuchelewesha kula ndiye Koku. Nenda ukale. Mungu akupe nyumba yenye amani, na kila mtoto atakayekuja kwako akute sahani yake, kivuli chake, na mama yake akiwa hai.