Pumzi Chini ya Msumeno

Hapa Mafiga, Morogoro mjini, ukiuliza mahali pa mbao nzuri, hata mtoto aliyetumwa chumvi atakuonyesha kwangu. Nina mashine tatu za kupasulia. Nina malori mawili yanayofika Dumila na Dakawa, na nyumba yangu ina madirisha kumi na manne, fremu zote za mkangazi niliouchagua mwenyewe. Darasa nimeishia la nne. Wasomi wa chuoni wanakuja kwangu kutafuta mbao za vitanda, wananiita mzee, nami nawapimia. Nayasema haya mapema ili nikikwambia kwamba niliwahi kuogopa pumzi yangu mwenyewe, tena kwa miaka, usidhani unasimuliwa na mtu legelege.

Nimechoka kulificha jambo hili. Kuficha nako ni kazi, na mimi kazi nimefanya za kutosha.

Nilikuwa na miaka kumi na minne hivi. Kijiji chetu kiko milimani, upande wa Matombo. Asubuhi moja jirani yetu alikutwa kitandani amekufa. Mtu mzima mwenye nguvu zake. Jana yake tu tulikuwa naye kwenye shamba la kijiji, tunalima mahindi ya ujamaa, anatutania vijana kwamba majembe yetu yanaikuna ardhi badala ya kuichimba. Nikamuuliza mama, amekufa na nini? Mama alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Alilala, pumzi ikamsahau."

Alisema kama watu wanavyosema, ili mtoto aache maswali. Mimi nikalichukua neno lilivyo. Nikawaza: ikiwa pumzi inaweza kumsahau mtu, basi lazima mtu aikumbuke yeye. Nikaanza kuikumbuka. Vuta, toa. Vuta, toa. Lakini pumzi ukiitazama inaharibika, kama mtu anayetembea vizuri mpaka ajue kuna watu wanamwangalia. Yangu mara ilikuwa ndogo mno, mara kubwa mno. Kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, navuta hewa na haijai. Napiga miayo mchana kutwa. Kula kukawa shida, maana kumeza ni kusimamisha pumzi, na nikishaisimamisha nani ataiwasha? Wenzangu wanaruka mtoni, mimi nimekaa juu ya jiwe nachunga kifua changu kama mchunga mbuzi mmoja.

Mama akanipeleka zahanati, mwendo wa nusu siku. Daktari, sisi tulimwita daktari ingawa alikuwa mganga msaidizi, akanisikiliza mbele na nyuma.

"Mapafu mazima, mama. Huyu ana kifua cha dume la ng'ombe."

Mama akacheka kwa furaha. Mimi nusura nilie. Mgonjwa ana dawa yake. Mimi mzima nikatibiwe wapi? Tukapewa vidonge vya malaria, nadhani ili tusirudi mikono mitupu. Tukapanda mlima tena, mama anaimba, mimi nahesabu.

Sasa, kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakulisha, lakini mjomba ndiye mwenye neno. Na mjomba wangu alikuwa mpasua mbao. Alikuwa na msumeno mrefu kuliko yeye, wenye vishikio huku na huku, alioachiwa na mjomba wake. Hakuna aliyelima akapata jina kama alivyopata yeye kwa msumeno ule. Siku moja utakuwa wangu, kila mtu alijua. Lakini mpwa hapewi msumeno kwa kuzaliwa. Anapewa kwa kukaa chini.

Kukaa chini ni hivi. Mnachimba shimo kwenye mteremko, gogo linalazwa juu yake. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni. Wa juu anainua, wa chini anavuta. Mstari tulipiga kwa uzi uliochovywa kwenye weusi wa betri za redio zilizokwisha; unazitwanga, unakoroga na maji, unauvuta uzi na kuuachia, pwa! Mstari ule ni wa yule wa juu. "Wa juu ana macho, wa chini ana mgongo," mjomba alikuwa akisema. Wa chini haulizi, hasemi; anafunga mdomo, kwa sababu unga wa mbao unamnyeshea kutwa nzima. Anafuata tu.

Hebu fikiria mtu anayechunga pumzi kuwekwa mahali kama pale. Msumeno una hesabu yake, mimi nina yangu, na vumbi puani. Nilikuwa natoka shimoni jioni nimechoka mara mbili, mara moja kwa mikono na mara ya pili kwa kujichunga. Mjomba aliniona nimekonda, akadhani ni mapenzi. Nikamwacha adhani hivyo.

Ukafika wakati wa kijiji kujenga shule yake, maana ya zamani ilikuwa mbali na iliishia darasa la nne. Ukaangushwa mkangazi mmoja mkubwa, wa milango na madawati. Kijiji kizima, wanawake kwa wanaume, kililisukuma gogo mpaka juu ya shimo letu. Mjomba alipanda juu yake kama anapanda jukwaa.

Siku ya pili nikafanya upumbavu wangu. Nilikuwa na tabia: hofu ikizidi, nazuia pumzi makusudi, nione kama itarudi. Nikaizuia msumeno ukiwa unashuka. Mikono nayo ikasimama. Mjomba juu anasukuma, mimi chini nimeganda kama mti. Msumeno ukajipinda, ukaruka mstari, na kabla hajaukamata ulikwisha kula moyo wa gogo kwa pembeni. Ubao ukatoka upande huu mnene kama kizingiti, upande ule mwembamba kama chapati.

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Akaugeuza ubao, akaugeuza tena.

"Ndugu zangu, huu ni mti wa wananchi. Mti wa wananchi kuharibiwa hivi kuna neno lake."

Neno lenyewe tulilijua, redio ilikuwa inalisema kila siku. Hujuma. Nikafungua mdomo. Mjomba akaniwahi.

"Mstari ni wa aliye juu, ndugu mwenyekiti. Niliyeupinda ni mimi."

"Wewe? Na miaka yote hiyo?"

"Macho yanazeeka."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka. "Basi usipasue mlango wa nyumba yangu, nitaingilia dirishani!" Watu wakaangua kicheko. Mjomba, aliyekuwa akijivuna kwamba anamwona tumbili ng'ambo ya bonde, akatazama miguu yake. Mwenyekiti akakata shauri: kesho kutwa tupasue nusu iliyobaki mbele ya watu. Ikipinda tena, msumeno utaingia stoo ya kijiji, wapewe wengine.

Tukashuka njia ya kwenda nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika kijito sikuweza tena.

"Mjomba, si macho yako. Ni mimi. Nilizuia pumzi."

"Ulizuia kwa nini?"

"Nione kama itarudi."

Akasimama. Nikajiandaa kwa kofi.

"Ikarudi?"

"Ikarudi."

"Huwa inarudi kila mara?"

"Kila mara."

"Sasa mbona unaisumbua?"

Nikamweleza yote: jirani, neno la mama, miayo, zahanati, kila kitu. Nilianzia kijitoni, tukapita migombani, tukafika uani kwake nikiwa bado nasema. Akautua msumeno kutoka begani taratibu.

"Tangu kijitoni mpaka hapa, ulikuwa unahesabu?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Nani alikuwa anapumua?"

Akanawa mikono, akasema, "Kesho kutwa utaongea. Wa chini haongei, lakini wewe utaongea." Na alipomaliza kula akaongeza, kwa uchovu wa mtu aliyechekwa mchana: "Na usiniaibishe tena, mjomba." Kwetu mjomba na mpwa mara nyingine huitana hivyo hivyo, lakini siku ile nilihisi ananiomba.

Ilipofika kesho kutwa watu walijaa kuzunguka shimo. Mjomba alinifunga kipande cha kaniki mdomoni, vumbi lisiniingie. Tukaanza. Kifua kikabana papo hapo, nikajua leo ndiyo leo. Sauti ikashuka kutoka juu:

"Mpwa! Ukiwa mkubwa utakuwa na nini?"

Hakuna aliyewahi kusikia wapasuaji wakizungumza kazini. Watu wakasogea.

"Nyumba!" nikasema ndani ya kaniki.

"Ya nini?"

"Ya bati!"

"Ina madirisha mangapi?"

"Manne!"

"Acha ubahili! Mangapi?"

"Kumi na manne!"

"Lo, huyo atalala na mbu wote wa Morogoro!" akasema mwanamke yule yule. Kicheko. Nami navuta msumeno, navuta.

"Na nini tena?"

"Lori!"

"Moja tu?"

"Mawili!"

"Kijana," mwenyekiti akaingilia, "huo sasa ni ubepari."

"Mwache apumue, ndugu mwenyekiti," mjomba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mstari.

Nilijisifu mpaka sauti ikakauka. Nilijipa ng'ombe, nikajipa redio, nikajipa saa ya mkononi na viatu vya ngozi. Gogo lilipoachana tukautazama mstari: weusi wa betri ulikuwa umegawanyika katikati, nusu ubao huu, nusu ubao ule. Mwenyekiti akaupitishia kidole. Akaondoka, msumeno akatuachia. Mjomba akashuka, akaenda kukaa peke yake kwenye majani, akajifuta macho, nami mpaka leo sijui kama lilikuwa vumbi.

Sikupona siku ile, nisikudanganye. Nilihesabu miaka mingine miwili mitatu, hasa kukiwa kimya. Lakini nilikwisha kujua mlango wa kutokea. Kila nilipobanwa nilifungua mdomo nikajisifu, na nikishajisifu mbele za watu ikanibidi nikitafute nilichosema. Msumeno nilipewa. Nikashuka nao mjini. Yale madirisha nikayatimiza yote, ingawa mawili yanatazama ukuta wa jirani na hayana faida yoyote. Shuleni kule kuna mlango uliotokana na nusu ile. Huwa naupita sisimami.

Watu wanasema ninajisifu mno. Kweli. Mke wangu husema, "Baba, huwezi kunyamaza hata chai ipoe?" Ningependa. Nina zaidi ya miaka hamsini na nimechoka na sauti yangu kuliko anavyoichoka yeye. Lakini hajui kilichoko upande wa pili wa kimya.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nane mchana. Mashine zote tatu zikazimika pamoja, na kimya kikaingia kiwandani na unga wa mbao bado unaelea. Ile hofu ya zamani ikaja. Kifua kikakaa, kikisubiri nikiambie la kufanya. Umri huu! Msumeno wa mjomba unaning'inia pale ukutani, umeota kutu kwenye meno. Nikaegemea meza.

"Mnajua mimi nilianza vipi?" nikawauliza wafanyakazi wangu.

"Mzee kaanza," mmoja akamwambia mwenzake, wakacheka, wakakalia magogo. "Haya mzee, tukumbushe. Nyumba ile ina madirisha mangapi vile?"

"Kumi na manne," nikasema.