Marashi Kwenye Jagi la Naserian

Naona aibu hata leo kuisimulia hii, lakini wacha niseme, maana aliyeumia siku ile si mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa msaidizi wa utafiti, kazi ya kuita akina mama waonje maziwa lala, yaani yaliyoganda, kisha waeleze kwa maneno yao ulimi umepata nini na pua imenusa nini, na kutoka hapo kampuni ya maziwa ichague ni mama gani wa kijiji cha Kisaju atakuwa akiiuzia maziwa. Kila jagi lilikuwa na maziwa ya muuzaji mmoja kutoka kibuyu chake, na namba tu badala ya jina. Tulikuwa tumekatazwa kabisa kujipaka chochote kinachonukia, nami (mpenda sifa wa kwanza) niliposikia mkubwa wangu anakuja kutoka Nairobi nikatia marashi kwenye kitambaa cha mkono, nikajiambia kitambaa si mwili.

Malori ya mawe yakapita, vumbi likaingia ukumbini, jagi moja halikuwa na kifuniko, nikalifunika kwa kitambaa kile hadi vumbi likatulia.

Mama wa kwanza akaonja ya jagi lile, akakunja uso. "Hii iko na harufu ya sabuni."

Wa pili akasema kibuyu hakikuoshwa vizuri. Nikaandika yote kama walivyosema, ingawa nilikuwa nimeshajua ni marashi yangu.

Mkubwa akatazama orodha yake, akataja kwa sauti jina la mwenye jagi lile (jambo ambalo halifanywi): Naserian. Naye alikuwa ameketi pale pale mlangoni akisubiri majibu. Kwao, wafugaji wanaohifadhi maziwa kwenye vibuyu, mwanamke kuambiwa kibuyu chake ni kichafu ni kuambiwa yeye mwenyewe ni mchafu. Akasimama.

"Mimi nachoma mti ya oloirien, natia moshi kwa kibuyu kila siku," akasema polepole. "Kila siku."

Ndipo Mama Halima, mwenye duka kule Kitengela, aliyekuwa wa mwisho kuonja, akanusa kikombe, akanigeukia. "Wewe msichana, hii si ile marashi niliuzia wewe jana?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiri nikilia.

Kesho yake tulirudia, na maziwa ya Naserian yakachaguliwa. Nilipomwendea kumwomba msamaha alinifungulia kibuyu.

"Nusa."

Nikanusa. Moshi mtamu, safi.

"Sasa andika hiyo."

Niliandika mbele yake. Marashi nimeacha, hata kanisani siendi nayo, lakini hilo ni dogo. Siku hizi nikikosea nasema mapema, kabla mtu mwingine hajalazimika kusimama kujitetea.