Karatasi Moja, Serikali Mbili

Saa moja asubuhi lango la yadi linafunguliwa, na Jeruto anaangalia mikono. Nyuso haziangalii, kwa sababu ana haya, na uso wa mtu ukimkazia macho humsahaulisha alilotaka kusema. Anaangalia mikono ya wanawake walioketi juu ya mabomba ya chuma wakimsubiri: nani amepakata mtoto, nani ameshika kibuyu cha maziwa, nani amekunja ngumi.

"Aliyekunja ngumi ndiye mwenye shida ya kodi," anamwambia mwandishi wa gazeti hili kwa sauti ndogo. "Wengine wamekuja kuuliza habari tu."

Yadi hii iko Nakuru, nyuma ya stesheni ya reli, na ni ya kampuni ya kuchimba visima. Mabomba yamejaa mpaka ukutani. Wachimbaji wenyewe hawapo. Baadhi wako Uganda, upande wa Soroti, na wengine wako Tanganyika, huko Dodoma, wakitafuta maji katika nchi kavu. Wake zao wamebaki Molo, Keringet na Londiani.

"Kodi haijui kwamba mtu amesafiri," anasema Jeruto. "Inamtafuta kule, na inamtafuta huku."

Mambo yenyewe ni hivi. Mchimbaji hulipa kodi ya kichwa hapa Nakuru kabla ya kupanda lori, naye hupewa stakabadhi. Akifika Tanganyika, askari wa huko humsimamisha njiani na kumwuliza kama amelipa. Akitoa stakabadhi ya Kenya huachwa aende zake. Asipoitoa, atalipa mara ya pili au atalala ndani. Wakati huo huo askari wa kodi wa huku nyumbani anapita boma kwa boma. Mume hayupo, karatasi haionekani, basi ng'ombe anashikwa.

Karatasi ikae wapi, mfukoni mwa mume au kwa mke?

Kulijibu swali hilo ndiyo kazi ya Jeruto, msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyeacha shule darasa la nne baba yake alipoumwa. Mshahara wake ni shilingi hamsini na tano kwa mwezi. Barua za Kiingereza huandikwa na karani mkuu, Bwana Nderitu, ambaye pia ndiye huenda kwa wakubwa. Lakini Bwana Nderitu ni Mkikuyu, na wanawake wengi wanaokuja pale ni Wakipsigis.

"Hata ningekijua Kikipsigis, mimi wasingeniambia kitu," anasema Bwana Nderitu akicheka. "Wakiona tai yangu wanadhani mimi ndiye kodi yenyewe."

Jeruto aliajiriwa kufagia na kupika chai. Asubuhi moja alimkuta mama mmoja amesimama mlangoni, amenyamaza kama jiwe, na karani amechoka kumwuliza. Jeruto akamwamkia, "Takwenya," kama wanawake wa kwao wanavyoamkiana, na mama yule akaitikia, "Igo," halafu maneno yakamtoka mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

Ukitaka kuielewa kazi yake, mwulize habari za Chepkemei.

Ilikuwa mwaka jana, wakati wa mvua za masika. Chepkemei alitembea kutoka Keringet mpaka Molo, akapanda gari la moshi, akashuka Nakuru akiwa na mtoto mgongoni na matope mpaka magotini. Akaketi kwenye mabomba. Ngumi yake ya kulia haikufunguka hata mtoto alipolia, akamnyamazisha kwa mkono wa kushoto.

"Askari wa kodi amekuja kwetu," alimwambia Jeruto. "Amesema Jumamosi atarudi kumchukua mtamba wangu. Yule niliyepewa na baba siku niliyoolewa. Yuko karibu kuzaa."

"Mume wako hakulipa, mama?"

"Amelipa!" Akafungua ngumi. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi. Au tuseme, nusu ya stakabadhi, imechanwa katikati toka juu mpaka chini.

Nusu ya pili ilikuwa Dodoma, mfukoni mwa Kipketer, mumewe.

Bwana Nderitu alipoiona alishika kichwa. "Nani amefanya upumbavu huu?"

Haukuwa upumbavu machoni pa Kipketer. Zamani alifanya kazi katika duka la Mhindi mjini, na alimwona tajiri wake akikata noti katikati, akituma nusu moja kwa posta leo na nusu ya pili wiki ijayo, ili mwizi akiiba moja asipate kitu. Noti ile ilifika, ikaunganishwa, ikanunua mali. Kipketer akawaza: ikiwa pesa yenyewe hukatwa na ikabaki pesa, kwa nini karatasi ya kodi isikatwe? Usiku kabla ya safari akaichana mbele ya mkewe, akampa nusu. Wote wawili wakalala wakiwa na raha.

Askari wa Keringet alipoonyeshwa nusu ile alicheka mpaka akaegemea ua. "Mama, mumeo amelipa nusu ya kichwa?"

Majirani wakacheka naye, na hilo ndilo lililomuuma Chepkemei kuliko yote.

Stakabadhi ilichanwa vibaya. Mhuri na tarehe vilikuwa huku, namba na jina vilikuwa kule. Bwana Nderitu akapeleka telegramu Dodoma, na msimamizi wa kambi akajibu kwa kutaja namba. Akaipeleka namba hiyo kwa afisa wa kodi, lakini afisa akakataa.

"Namba hata mwizi anaweza kuisoma," alisema. "Nileteeni karatasi. Yote."

Kwa bahati lori la kampuni lilikuwa tayari kuondoka Dodoma kuja kuchukua vipuri. Dereva wake, Wanyoike, akakabidhiwa nusu ya Kipketer. Kipketer mwenyewe akaamriwa asitoke kambini hata kwenda dukani, kwa kuwa sasa hakuwa na kitu cha kumwonyesha askari. Kilichobaki ni nusu ya Chepkemei kukaa ofisini ikingoja mwenzake.

"Ilete," alisema Bwana Nderitu, akanyoosha mkono.

Chepkemei akaitia kifuani. "Sitoi."

"Mama, tunataka kukusaidia."

"Mume wangu amenipa hii. Nikirudi nyumbani mikono mitupu na askari akanikuta, nitamwonyesha nini? Kidole?"

Karani alieleza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa upole tena. Jeruto akatafsiri yote matatu, na jibu likawa lile lile. Bwana Nderitu akaingia ndani akagonga mlango.

Jeruto akaketi kwenye bomba kando ya Chepkemei, wakatazama mabehewa yakisukumwa stesheni. Baada ya muda akasema, "Basi usiitoe."

Chepkemei akamgeukia.

"Kaa nayo mwenyewe. Shangazi yangu ana chumba hapa mjini, mtaa wa Bondeni, utalala kwetu. Lori likija, utaibeba wewe mpaka kwa afisa, na utaiweka mezani kwa mkono wako."

"Na hiyo nusu ya mume wangu isipokuja?"

"Utakuwa bado na yako."

Chepkemei akafikiri. "Shangazi yako anapika nini?"

"Ugali."

"Na mboga?"

"Siku nyingine."

Chepkemei akacheka kwa mara ya kwanza tangu Keringet, akainuka.

Wakasubiri. Kila asubuhi wawili hao walikuja yadini na mtoto, wakaketi palepale. Jumatano lori halikuja. Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na habari zikaja kwamba magari yamekwama kwenye mteremko wa Mai Mahiu, barabara imekuwa kama sabuni. Bwana Nderitu alitoka kila mara kuangalia lango, akijifanya anaangalia mvua. Chepkemei aliacha kula. Alikuwa akihesabu njia: gari la moshi mpaka Molo, kisha miguu mpaka nyumbani. Ikipita Ijumaa jioni, asingemkuta mtamba wake.

Ijumaa, jua likiwa utosini, honi ikalia barabarani. Wanyoike aliteremka akiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Msiniulize habari," alisema. "Mai Mahiu imenila breki, imenila usingizi, ikabaki kidogo inile mimi." Akavua kofia, na ndani ya kitambaa cha kofia akatoa karatasi iliyokunjwa. "Mke wa Kipketer ni nani? Mama, mume wako amesema nikuambie hajambo, na kwamba hatachana kitu tena."

Wote wanne, Bwana Nderitu akiwamo, walikwenda kwa afisa wa kodi wakikimbia. Afisa alikuwa kijana wa Kizungu aliyejua Kiswahili cha kutosha kuuliza maswali. Chepkemei akaweka nusu yake mezani kwa mkono wake, na Wanyoike akaweka ya pili kando. Zikakutana jino kwa jino. Mhuri ukapata namba, tarehe ikapata jina.

"Kwa nini mliichana?" afisa aliuliza.

Jeruto akatafsiri. Chepkemei akajibu, na safari hii Jeruto alisita, maana jibu lilimwogopesha. Bwana Nderitu anasema yeye alidhani msichana amemeza ulimi. Kisha Jeruto akasema, wazi kabisa, mpaka makarani wa meza ya pili wakainua vichwa:

"Anasema, kwa sababu serikali ziko mbili na karatasi ni moja."

Afisa akaandika nakala mbili, akazipiga zote mhuri, moja ya kwenda Dodoma na moja ya kwenda Keringet. Gari la moshi la mchana Chepkemei alilipata likiwa limeanza kusogea.

Askari alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Akaisoma nakala mbele na nyuma, akairudisha, akaomba maziwa. "Nilimpa," Chepkemei alimsimulia Jeruto baadaye. "Lakini nilimpa nusu kikombe."

Msimamizi wa kambi alipochunguza aliwakuta wachimbaji wengine sita ambao karatasi zao zilikuwa nusu. Walimwona Kipketer ni mtu mwenye akili wakamfuata. Tangu hapo utaratibu umebadilika. Hakuna mtu anayepanda lori la kampuni kabla Bwana Nderitu hajamwombea nakala kwa afisa, na kabla Jeruto hajamwona mke au mama yake ana kwa ana na kumkabidhi nakala hiyo mkononi. Siku nyingine yeye mwenyewe hupanda gari mpaka Molo, akatembea boma kwa boma. Mwaka huu hakuna mnyama hata mmoja wa mchimbaji aliyeshikwa.

Si kwamba shida zimekwisha. Kuna mama ambaye aliificha nakala kwenye paa la nyasi, ikaliwa na panya. Kuna mzee aliyemwambia Jeruto kuwa msichana asiyeolewa hana ruhusa ya kushika kodi ya wanaume. Na Soroti nako wameanza kuuliza karatasi nyingine ambayo hata Bwana Nderitu hajaielewa bado.

Jeruto naye amechumbiwa. Kijana anaitwa Kipchoge, ni mchimbaji, na sasa yuko Soroti. Atakuja Desemba kwa ajili ya harusi, kisha atarudi kazini. Nakala yake ya kodi ilipelekwa kwa mama yake Londiani na Jeruto mwenyewe. Wazee wameshapanga kila kitu. Harusi ikiisha, mke atabaki na mama mkwe, kama wake wote wa wachimbaji.

Je, yeye anaonaje? Jeruto anaangalia vidole vyake.

"Kuna wanyapara wawili ambao wake zao wako kambini Soroti," anasema. "Bwana mkubwa wa kampuni hakukataa. Wanapika huko, na watoto wao wanasoma."

Amemwambia Kipchoge hivyo?

"Hapana."

Na mama yake mwenyewe? Shangazi?

Anatikisa kichwa. Kila siku anasikia wanawake wakimwuliza kama mume hajambo, kama anakula, kama atakuja, na kila siku huwajibu kwa habari alizoletewa na watu wengine. Mpaka leo hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anaogopa kuja kuishi naye kwa majibu kama hayo.

"Gazeti hili hufika kambini," anasema, na sasa ameinua uso. "Huja na lori, mmoja akawasomea wote wakati wa chakula. Basi liandike. Andika kwamba sitabaki Londiani. Harusi ikiisha, nitapanda lori pamoja naye."