Dimbwi Lililopumzishwa

Nimefundisha jiografia miaka mingi, nimeandika juu ya wanawake wavuvi mpaka wanafunzi wananitania kwamba nanuka kambare. Waache wacheke. Hawajui kwamba natubu.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa fundi cherehani wa Tabora mjini. Likizo moja nilipewa kazi ya kuchora ramani ya kijiji kando ya mto Ugalla, kijiji alikoolewa mama yangu mdogo. Nilifika kiangazi na baiskeli ya kuazima, kichwa kimejaa usomi. Nikamwamkia mama mdogo shikamoo, akaitika marahaba huku akiwahi jikoni.

Wanaume waliitwa kikaoni. Walinionyesha wanakoegesha mitumbwi na wanakotega nyavu, nikachora kila kitu. Nyuma ya kijiji niliona dimbwi kubwa, maji yametulia, hakuna mtu. Nikauliza.

"Hapo hapavuliwi," mmoja alijibu.

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: halitumiki. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyofundishana. Mimi niliuliza nusu.

Mwaka uliofuata ramani yangu ilifanya kazi. Dimbwi lilichimbiwa mfereji, likakaushwa, pakalimwa mahindi ya shamba la ujamaa. Sikujua, nilikuwa chuoni nasifiwa.

Masika yalipokwisha mama mdogo alikuja kwetu Tabora na kifurushi cha kambare wakavu. Alisema hao ndio wa mwisho. Akatueleza kwamba madimbwi madogo ya mbugani yalikuwa ya wanawake, waliyavua kwa vikapu kila kiangazi, na watoto walikula humo. Lile kubwa hawakuligusa kamwe. Samaki wa mle waliachwa wazaane, ili mafuriko ya masika yawasambaze kwenye madimbwi mengine yote. Mama zao nao walifanya hivyo.

"Mwaka huu madimbwi yamejaa maji matupu," alisema. "Sijui nani aliwaambia viongozi kwamba lile halitumiki."

Nilitamani kunyamaza, na ningeweza. Lakini machozi yalinitangulia.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Hakunigombeza. Alikifungua kifurushi, akakifunga tena, akakisogeza upande wangu.

"Ungeniuliza, mwanangu," alisema. "Nilikuwa jikoni tu, nakupikia kambare wa madimbwi yetu hayo hayo."