Gari Tuliloliosha kwa Maji ya Bahari

Mume wangu alikuwa mtu wa kulipenda gari. Mimi niliyemzalia watoto nikikohoa wiki nzima, ataniambia, "Chemsha tangawizi, mama." Gari likikohoa mara moja tu asubuhi, chai inapoa mezani, bwana kaingiza kichwa chini ya boneti. Mlango wake haupigwi. Biskuti hailiwi ndani. Viti vilibaki na nailoni za dukani mpaka zikawa zinatuchoma mapaja, na ole wako uichane moja, habari yako itasikika mtaa mzima.

Lilikuwa gari la mtumba, jeupe, lile lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Siku za kazi lilibeba ndoo za samaki na barafu kutoka sokoni hapa Bagamoyo kwenda Msata, kwa mama ntilie wanaowapikia madereva wa malori. Mwisho wa wiki tunarudisha viti, linabeba harusi. Alipenda harusi mwanaume yule! Lazima awe gari la mbele, na honi hainyamazi tangu nyumba ya bibi harusi mpaka ya bwana harusi. Wanawake njiani wakiisikia tu wanapiga vigelegele, hata kama anayeolewa hawamjui. Akirudi nyumbani anajisifu utadhani yeye ndiye aliyeoa.

Lakini bibi harusi hapakizwi kwenye shombo ya samaki. Na huku kwetu dawa ya shombo inajulikana: maji ya bahari. Meza za sokoni zinaoshwa kwa maji ya bahari, visu, matenga, hata miguu yetu. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye kafundishwa na mama yake. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi mume wangu alilishusha gari mpaka kwenye mchanga mgumu, akafungua milango yote, akalimwagia ndoo kwa ndoo, sakafuni na uvunguni, akasugua kwa kumbi la nazi mpaka maji yanayotoka yakawa meupe. Halafu nyumbani analipangusa bodi kwa maji ya bomba na kitambaa laini, linang'aa. Uvunguni hapangusi, nani anautazama uvungu? Mimi namalizia na chetezo changu cha udi, nakizungusha ndani mpaka moshi unatokea madirishani. Sokoni wote walikuwa wanaosha magari yao hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi ndiye ninayefagia uwanja wa nyumba yetu. Nilianza kuona vitu vyekundu pale gari linapolala, vipande vyembamba, kama magamba ya samaki changu. Nikafagia. Kesho yake vipo tena, na keshokutwa vimezidi. Nikamwita mume wangu nikamwonyesha kwenye ufagio. Akasema, "Kutu hiyo, mama. Gari la pwani lisilo na kutu umeliona wapi?" Nikaona ana haki, maana hata bawaba za milango yetu zimeliwa.

Baadaye handibreki ikakatika waya. Akatafuta jiwe, akawa analiweka nyuma ya tairi kila akifika. Jamani! Gari la kung'arishwa namna ile linalala limeegemea jiwe kama mlango wa banda la kuku. Nilimcheka sana siku hiyo. Naye alicheka.

Kicheko kilinikauka nilipoanza kuona doa la mafuta kando ya tairi la nyuma. Dogo tu, la ukubwa wa kisahani, lakini kila asubuhi lipo. Ikatokea na chupa ya maji ya breki chini ya kiti chake. Anaongeza, anafunga, anaondoka. Baada ya siku chache anaongeza tena. Nikikaa kiti cha mbele nilimwona anakanyaga breki mara mbili ndipo gari lishike. Nikamuuliza, yanakwenda wapi hayo unayoongeza?

"Gari linakunywa, mama watoto. Wewe hunywi maji?"

"Mimi nikinywa naenda msalani. Hili linakwenda wapi?"

Akaongeza sauti ya redio. Ndivyo alivyokuwa, ukimbana anakuongezea redio.

Wakati huo binti yetu mkubwa alikuwa kwetu. Ameolewa Msata, na uzazi wa kwanza mtu anakuja kuzalia kwa mama yake, ndiyo desturi yetu. Akajifungua salama mtoto wa kike. Ikitimia arobaini tulitakiwa tumrudishe kwa mumewe, kwa heshima zote: mkeka mpya, vyombo, kanga, sufuria za chakula. Siku ilishapangwa na wakwe, na mume wangu alishatangaza soko zima kwamba mjukuu wake atarudi kwao kwa gari la babu. Mimi nikawa nahesabu arobaini ile kwa hofu. Kila nikimwogesha mjukuu wangu, macho yangu yanakwenda kwenye lile doa uwanjani.

Wiki ya mwisho tulimpeleka mtoto kliniki kupima uzito. Tunarudi, tuko hapahapa mjini, bajaji ikakata kona mbele yetu. Mume wangu akakanyaga. Nikauona mguu wake unazama mpaka chini, kama mtu aliyekanyaga tope. Akakanyaga tena, hamna kitu. Gari likaipita bajaji kwa upana wa kiganja, likapanda ukingo wa barabara, likaenda kujichimbia kwenye rundo la mchanga wa kujengea nyumba ya watu. Binti yangu alikuwa amemkumbatia mtoto, hata kulia hawezi. Mimi nililia kwa niaba yao, wallahi, nililia kwa sauti watu wakajaa.

Fundi wa gereji ya jirani akaja, akajilaza uvunguni. Nikasikia anakwaruza, na kutu inamwagika. Akatoa kichwa akauliza, "Mzee, hili mnaliosha na nini? Bomba la breki la nyuma limeoza limetoboka. Na haya mengine nikiyashika kwa nguvu yatabaki mkononi mwangu."

"Kwa hiyo?" mume wangu akauliza.

"Kwa hiyo yabadilishwe yote. Ila hapa sina, mpaka yaagizwe Dar. Kwa leo naweza kuliminya hili bovu, niliue, ufike nyumbani na breki za tairi zilizobaki. Ufike nyumbani tu, mzee."

Akaliminya kwa koleo, akalikunja, akajaza maji ya breki. Tukafika nyumbani taratibu. Na mume wangu alipofika akaegesha, akaweka jiwe lake, akasema, "Mmeona? Limepona."

Nikamwambia halijapona, limefungwa kidonda. Mtu akikatwa mguu mmoja anakimbia? Akanijibu kwamba gari lina miguu minne, mimi nina miwili, tusifananishe. Eti mabomba ameshayaagiza, yatafungwa tukitoka Msata, kwani siku ya watu haivunjwi, na chakula cha wakwe kitakuwa kimeshapikwa. Siku zile zilizobaki alikwenda sokoni na kurudi bila shida, na kila akirudi ananiangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Ijumaa akaliteremsha baharini akaliosha kama kawaida yake.

Asubuhi ya safari gari lilimeremeta. Mkeka mpya alishaufunga juu ya keria, sufuria zipo nyuma, binti yangu kavaa, mtoto kavikwa kofia. Nikaingia na chetezo kulifukiza. Mle nyuma shombo ilikuwa bado, chinichini, nikanyanyua zulia la mpira ili moshi upenye. Kaa moja la moto likaruka kutoka kwenye chetezo, likaanguka sakafuni.

Halikukaa sakafuni. Nililitazama likapita, likaanguka mpaka chini, likawa linafuka juu ya mchanga wa uwanja wangu. Nikaingiza vidole, bati likavunjika kama mkate wa ufuta uliokauka, na kupitia pale nikaliona bomba jembamba, jekundu, limevimba kutu kila mahali.

Nikatoka. Nikamshika binti yangu mkono. "Hapandi mtu."

Mume wangu alidhani natania. Alipoona nimemchukua mtoto nimeingia naye ndani, akawaka. Akasema namwaibisha mbele ya wakwe, namfanya kama mtoto, yeye kaanza kuendesha mimi bado nasoma madrasa. Na mimi nikawaka. Nilimwambia kama anataka kubeba watu akabebe wanaume wenzake, damu yangu haiingii mle. Majirani walisikia, na mimi sikujali. Binti yangu akasimama katikati, anamwangalia baba yake, ananiangalia mimi.

"Baba," akasema kwa upole, "si tupande basi wote?"

"Na mizigo? Chakula cha watu?" Akavuta pumzi. Hasira ilimtoka usoni, mimi namjua, ikabaki aibu. "Basi. Nyinyi njooni na basi. Mimi natangulia taratibu na mizigo, mtanikuta nimeshakunywa chai kwa mkwe wangu."

Nilimwambia asiende. Nataka ijulikane kwamba nilimwambia. Akampapasa mtoto shavu, akaliondoa jiwe nyuma ya tairi kwa mguu, akapanda, akaondoka taratibu kama alivyosema.

Tulipanda basi baada yake. Nikampigia simu njiani, inaita tu. Binti yangu akasema anaendesha, hawezi kupokea. Nikampigia tena. Tulipokaribia Msata basi likasimama, na mbele yetu kulikuwa na foleni ya magari, kitu ambacho barabara yetu ile haina. Kondakta akashuka, akarudi, akasema kuna ajali njia panda. Binti yangu akaniangalia. Tukashuka na mtoto, tukaenda kwa miguu kwenye jua.

Pale Msata barabara yetu inaishia kwenye barabara kuu, ile ya malori na mabasi ya mikoani. Ukitoka Bagamoyo lazima usimame. Lori lilikuwa limesimama upande, na gari letu limeingia chini yake mpaka kwenye mlango wa kusukuma. Sufuria zimetawanyika, wali umemwagika lami nzima. Walikuwa wameshamtoa. Walimfunika kwa ule mkeka mpya.

Sikumbuki nani alinishika nisianguke. Nakumbuka binti yangu ameketi chini barabarani, anamnyonyesha mtoto, machozi yanamdondokea mtoto kofiani. Nakumbuka pia kwamba wanawake wote waliokuwa wanauza vitu kando ya njia panda walikuwa kimya, na walikuwa hawanitazami. Nikauliza, hakupiga hata honi? Mume wangu yule, mtu wa honi?

Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma akaja akachuchumaa mbele yangu. Umri wake kama wangu. Akanishika mikono yote miwili.

"Alipiga, dada yangu. Alianza kupiga kule mbali kabisa, hakuachia mpaka mwisho. Tuliona gari jeupe linang'aa, limefungwa mkeka juu. Mimi ndiye niliyeanza vigelegele, wenzangu wakaitikia. Watu wakasogea karibu na barabara wamwone bibi harusi. Alikuwa anatupungia mkono dirishani, dada, na sisi tukampungia."